Liki ya Mstari wa Kumi na Saba

Jumatatu, 14 Oktoba

Hatimaye! Profesa Quintavalle anastaafu. Katangaza leo saa nne kwenye kikao cha idara, huku akimenya chungwa. Kwa miaka thelathini na mmoja amekuwa akihariri mashairi ya Pompilio Lurko, mshairi wa Kilatini wa zama za makaisari wa mwanzo, mzaliwa wa mji wetu huu wa Valdorna. Iliyosalia duniani ni mistari mia nne. Profesa amefika wa mia moja na kumi na mbili. Kasema kazi hiyo ataikabidhi kwa mmoja wetu, yule atakayemridhisha kwenye mihadhara ya Jumamosi ya tarehe 26, ukumbi wa manispaa.

Mmoja wetu maana yake mimi au Ortensia Malvestiti. Hakuna wa tatu. Idara ina watu watatu, na mmoja ndiye anayestaafu.

Malvestiti! Nimemzidi miaka tisa. Ana gari dogo la njano na kicheko kinachosikika hadi ghorofa ya chini. Kila asubuhi ananisalimia kwa furaha. Sijui anataka nini.

Ugomvi wetu ni wa neno moja. Mstari wa kumi na saba, Lurko anamwalika rafiki yake chakula. Anamwahidi nini? Mimi nasema *porrum*: liki, lile jani refu lenye ukoo na kitunguu. Malvestiti anasema *purum*: safi, yaani divai safi isiyotiwa maji. Mizani ya ubeti inakubali yote mawili. Mswada ni mmoja tu duniani, ulinakiliwa na mtawa miaka elfu iliyopita, na mtawa huyo akadondosha nta ya mshumaa juu ya neno hilo hilo. Mungu amsamehe. Mimi bado.

Sasa Malvestiti kaomba kuupiga mswada picha kwa taa maalumu zinazoona chini ya nta. Ruhusa iko mikononi mwa Padri Gaudenzio, mkutubi wa seminari. Padri anapenda salami kuliko Zaburi. Kwenye jokofu la dada yangu Nives mna salami nzima, ile soseji nene ya kukaushwa kwa chumvi.

Njia imeshapatikana!

Jumanne, 15 Oktoba

Padri kapokea salami kwa mikono miwili. Kainusa. Kafumba macho. Nikaona mambo yameiva.

Kisha akahema, akasema daktari kamkataza chumvi tangu Pasaka, na kuitazama tu ni dhambi. Wakati huo huo nani kaingia? Malvestiti! Padri akamkabidhi salami yangu, akamwambia, "Chukua, binti yangu, uniondolee majaribu." Malvestiti kafurahi kupita kiasi. Kaniuliza kama nina kisu. Ninacho, kwa bahati mbaya.

Kala vipande sita uani, amekaa juu ya ukingo wa kisima, akisifu. Kisha Padri kampa nafasi ya kupiga picha keshokutwa, Alhamisi saa tatu. Nikamkumbusha Padri kwamba salami nimeleta mimi. Kasema Mungu ataniandikia.

Nives kauliza salami yake imekwenda wapi. Nimesema nimeitoa kwa kanisa. Si uongo.

Jumatano, 16 Oktoba

Bahati hiyo! Jarida la mafunzo ya Kilatini limeniletea makala niikague. Haina jina la mwandishi, kama ilivyo desturi, ili mkaguzi aseme kweli bila kuona haya. Inahusu nini? Mstari wa kumi na saba! Inatetea nini? *Purum*!

Malvestiti mtupu. Nimehesabu "pengine" kumi na nne. Nani mwingine duniani anayehangaika na mstari huu? Mimi sijaandika. Amebaki yeye.

Nimeandika ripoti ya kurasa nne, na sitatia jina. Raha niliyoipata sijaipata tangu nilipokuwa mwanafunzi. Nimesema mwandishi hana sikio la ushairi. Nimesema liki iko pale pale, kipofu angeinusa. Nimesema mwandishi anakijua Kilatini kama paka anavyoyajua maji: kwa kuyakimbia. Nimemshauri atafute kazi ya mikono.

Nives alikuwa anafunga mafungu ya liki mezani. Nikamsomea. Akauliza, "We kaka, umejuaje kama ni yule dada?"

Nikamweleza kwamba mtaalamu wa lugha humtambua mwandishi kwa mtindo, kama mkulima anavyoitambua mbegu.

Akasema yeye mwaka jana alipanda kabichi, ikaota koliflawa.

Nimeituma saa hiyo hiyo.

Alhamisi, 17 Oktoba

Siku ya picha. Mpango: chumba cha kusomea cha seminari kina meza moja tu kubwa. Nikaenda saa mbili kasoro, nikaagiza vitabu ishirini na vitatu, vyote vikubwa. Meza ijae hadi ukingoni. Malvestiti apige picha zake wapi, magotini?

Padri Gaudenzio akasema mgongo wake hauwezi vitabu ishirini na vitatu, nivifuate mwenyewe ghalani. Nikaenda. Nikapanda ngazi. Mlango ukajifunga nyuma yangu. Kitasa chake hakifunguki kwa ndani, jambo ambalo Padri alikumbuka kuniambia baadaye.

Nikagonga. Nikaita. Padri masikio yake ni mazito, na taa za Malvestiti zina feni. Kwa muda wa saa mbili na nusu nimekaa juu ya mahubiri ya karne ya kumi na saba, pamoja na popo mmoja.

Aliyenifungulia ni Malvestiti. Kamaliza kazi yake, anatafuta pa kunawa mikono. Akasema, "Masikini Daktari! Una utando wa buibui sikioni." Akautoa mwenyewe. Hakucheka mpaka alipofika kwenye ngazi. Nilimsikia.

Picha zitasafishwa kwa kompyuta wiki moja. Matokeo tarehe 25. Sina wasiwasi. Nina wasiwasi kidogo.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimemsaidia Nives shambani. Yaani nilisimama.

Lazima niandike hili, maana limenikaa kifuani. Miaka kumi na miwili iliyopita, makala yangu ilipotoka, mji ulichangamka. Mshairi wetu alikula liki! Ikaanzishwa Sikukuu ya Liki, kila Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Supu, mkate wa liki, bendi ya matarumbeta, watu kutoka hadi bonde la pili. Nives ndiye mwenyekiti wa kamati. Tangu afiwe na mumewe, liki ndiyo iliyomsimamisha. Mwaka huu kaongeza ekari mbili.

Leo, akiwa ameinama, kaniuliza bila kunitazama: zile picha zikionyesha si liki, itakuwaje? Nikamwambia liki ni liki. Nikaapa kwa kaburi la mama. Akasema basi, neno langu linamtosha. Akanipa jembe. Nikakumbuka nina barua za kujibu.

Jumatatu, 21 Oktoba

Balaa! Balaa kubwa!

Profesa Quintavalle katuita ofisini, mimi na Malvestiti. Alikuwa na karatasi nne mkononi. Nikazitambua kabla sijakaa. Ripoti yangu!

Makala ni ya kwake. Ya Profesa! Baada ya miaka thelathini na mmoja kabadili mawazo, kahamia *purum*, na akataka jarida limpime bila kumwogopa. Basi halikumwogopa. Katusomea yote kwa sauti. Alipofika kwenye paka sauti ilimkatika, akanywa maji. Akasema, "Kazi ya mikono. Mimi, na baridi yabisi hii."

Akatuuliza kama tunamhisi mtu. Nikasema huenda ni Mjerumani. Nikasema Wajerumani wana ukatili fulani wa kwenye karatasi. Profesa akaafiki. Malvestiti alinitazama muda mrefu, kisha akatazama dirishani.

Sasa hesabu ni rahisi. Mwenye kukabidhi kazi anataka *purum*. Mpinzani anataka *purum*. Liki nimebaki nayo peke yangu kama mjane. Nikakohoa, nikasema, kwa kweli, Profesa, hata mimi tangu kiangazi nimeanza kuitilia shaka liki.

Uso wa mzee ukang'aa! Akaniambia nimekomaa. Akanishika bega. Ana miaka kumi na tisa hajanishika bega.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimeandika mhadhara mpya. Kurasa kumi. Kichwa: Kuiaga Liki. Kuna mahali pa kutoa machozi. Nasema liki ilikuwa ndoto ya ujana, na ya wakulima wanaopenda kujiona kwenye vitabu. Nimempelekea Profesa nakala kabla hajaondoka kwenda kwa bintiye. Atarudi Jumamosi asubuhi. Kasoma pale pale mlangoni. Kasema, "Safi kabisa." Kisha akacheka, maana ndilo neno lenyewe. Nikacheka naye. Nilicheka kumzidi.

Nakala ya pili niliificha chini ya kikapu cha mkate. Kumbe mikate ilikuwa imeisha.

Nives alikuwa kasimama jikoni, karatasi mkononi. Nikaanza kumweleza kwamba elimu haina undugu. Akanikatiza. "Kaka, mimi Kilatini sikijui. Nimelima ekari mbili kwa mdomo wako. Sasa niambie kitu kimoja tu. Mwenyewe unaamini nini?"

Nikasema suala la kuamini ni gumu kitaaluma.

Hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Kaniwekea supu ya liki, kakaa mbele yangu, kaniangalia ninavyokula hadi tone la mwisho.

Ilikuwa tamu. Hilo ndilo baya zaidi.

Ijumaa, 25 Oktoba

Malvestiti kabisha hodi ofisini kwangu saa tano. Picha zimefika. Kaziweka mezani.

Nikavaa miwani. Nikaivua, nikaipangusa, nikaivaa tena. Chini ya nta, kwa wino wa kahawia, herufi baada ya herufi, mtawa wetu mzembe kaandika: *porrum*.

Liki! Liki! Nilikuwa sahihi miaka kumi na miwili! Niliisikia kwa sikio tu, bila taa, bila feni! Nilisimama, nikapiga meza, nikamshika Malvestiti mikono tukazunguka dawati. Na yeye alikuwa anacheka! Kashindwa, na anacheka! Kasema, "Hongera, Daktari. Nimekupinga miaka mingi kwa nguvu zangu zote, na kesho nitasema mbele ya watu kwamba ulikuwa sahihi. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua."

Ndipo nikakumbuka kurasa kumi.

Nikakaa.

Akaniuliza nina nini. Nikasema moyo. Akaniletea maji. Mlangoni akageuka, akasema, kwa upole kabisa, kwamba mimi ndiye niliyekagua tasnifu yake zamani, na kwamba humo pia palikuwa na paka na maji. Akasema kwa Profesa hajasema na hatasema. Si kazi yake.

Nilitaka kumshukuru. Nimemwambia simfahamu paka yeyote.

Fikiri, Ermete, fikiri! Nikisoma Kuiaga Liki, naye akifuata na picha, nimekwisha. Nikiiacha liki leo na kuirudia kesho, Profesa ataniona bendera. Dawa ni moja: Malvestiti azungumze kwanza. Aonyeshe picha, kisha mimi nisimame niseme, "Kama nilivyosema siku zote." Ratiba yasema mimi ndiye wa kwanza. Basi kesho niwe sina sauti. Koo limekauka! Wataniahirisha hadi mwisho, na mwishoni, kwa muujiza, nitapona.

Ni mpango bora kuliko yote niliyowahi kubuni.

Jumamosi, 26 Oktoba

Naandika haya nikiwa jikoni, mchana, mlango nimeufunga. Niandike yote kama yalivyokuwa.

Ukumbi ulijaa. Wakulima wote wa liki walikuja na makoti ya kanisani. Nives mstari wa pili, beji ya liki kifuani. Padri Gaudenzio mbele kabisa, kiganja nyuma ya sikio. Nikafika nimejifunga skafu mbili. Nikamwonyesha Profesa koo langu kwa kidole. Nikatoa sauti kama ya bawaba. Nikaashiria: Malvestiti atangulie.

Profesa Quintavalle akaniwekea mkono begani. Mara ya pili wiki hii. Akasema mtu aliyekomaa hivi hatanyamazishwa na mafua. Akasema nakala yangu anayo mfukoni. Akasema atanisomea yeye!

Nikatikisa kichwa. Akadhani ni unyenyekevu.

Akasoma. Kumbe mzee anasoma vizuri mno! Kila neno lilifika hadi nyuma. Ndoto ya ujana. Wakulima wanaopenda kujiona kwenye vitabu. Palipokuwa pa machozi, Profesa alitoa machozi. Ukumbi ulikuwa kimya, kimya cha watu wanaokumbuka jina la mtu. Nives hakuniangalia. Aliitoa beji kifuani, akaiweka mapajani.

Kisha Malvestiti. Kazima taa, kaonyesha picha, herufi zikatokea ukutani kubwa kama milango: *porrum*. Akasoma kwa sauti, akasema kwa Kiitaliano cha sokoni: ni liki, jamani, ni liki yetu. Ukumbi ukalipuka! Kofia zikaruka. Mtu alipuliza tarumbeta. Malvestiti akanyoosha mkono kutuliza watu, akasema aliyeiona liki hii kabla ya sisi wote, bila picha, ni Daktari Ermete Sgarbossa, na mtu asisahau hilo, hata kama leo mwenyewe kasahau.

Watu wakageuka kunitazama. Nikatabasamu kwa skafu zote mbili.

Hapo ningenyamaza, ningetoka salama. Naliona hilo sasa. Lakini Profesa akapanda tena jukwaani. Akasema amekosea mbele ya mji mzima na hajapata raha namna hii. Akasema tangu apewe uprofesa hakuna aliyethubutu kumwambia amepotea, isipokuwa mkaguzi mmoja asiye na jina, aliyemtukana kurasa nne lakini aliisimamia liki. "Laiti mtu yule angekuwa humu ndani!" akasema. "Ningemkabidhi Lurko leo hii!"

Miguu yangu ilisimama yenyewe.

"Ni mimi, Profesa!" nikasema. Kwa sauti. Kubwa. Safi kama kengele.

Profesa akanitazama. Akazitazama karatasi mkononi mwake. Akauliza polepole, kama mtu anayepanga vyombo: "Wewe ndiye uliyeandika ripoti ile ya kuitetea liki?"

Nikasema ndiyo.

"Na hizi nilizozisoma sasa hivi, za kuikana liki, ni za nani?"

Nikasema zangu pia.

"Na mafua?"

Nikavua skafu moja. Padri Gaudenzio, ambaye husikia akipenda, akasema kwa sauti ya mimbarini, "Amepona! Tumshukuru Mungu!"

Wa kwanza kucheka alikuwa Nives. Alicheka akashika tumbo, akainamia kiti cha mbele. Kisha ukumbi mzima. Kisha Profesa, akifuta macho, akasema basi atajifunza useremala. Lurko kakabidhiwa Malvestiti. Watu walisimama kumpigia makofi. Mimi nilikuwa nimesimama tayari.

Njiani kurudi Nives alitangulia hadi darajani. Pale akanishika mkono, akasema, "Mjinga wewe." Alivyolisema, nilitaka kulisikia tena.

Jumapili, 27 Oktoba

Haijawahi kutokea sikukuu kama hii! Habari za picha zilifika hadi bonde la pili na la tatu. Kufikia saa nane mchana liki za ekari mbili zilikuwa zimekwisha, watu wanakunywa mchuzi mtupu na kushukuru. Nives kaimba. Sijamsikia akiimba tangu afiwe.

Mimi niliwekwa kusimamia sufuria kubwa, na aproni na mwiko. Kila aliyepita aliniuliza, "Daktari, sauti vipi?" Mia mbili hivi waliuliza. Nilijibu wote.

Malvestiti kaja na bakuli. Kasema maelezo ya mashairi ya chakula ni mengi mno kwa mtu mmoja: liki, zeituni, samaki wa chumvi. Hakuna anayelijua jiko la Lurko kama mimi. Nikikubali, jina langu litakuwa kwenye jalada chini ya lake. Moshi wa kuni uliniingia machoni. Nikasema ndiyo. Nikamwongezea supu, nikamchagulia vipande vizuri. Ni mtu mwema. Naandika hapa wazi: nimemkosea, na kuanzia leo hakuna tena mipango.

Saa kumi Padri Gaudenzio kaninong'oneza kwamba kwenye kanisa la Santa Fosca, kule mlimani, kuna kitabu cha nyimbo ambacho jalada lake la ndani limebandikwa ukurasa wa zamani wa Kilatini. Mashairi, anadhani. Hakuna aliyewahi kuusoma.

Mashairi mapya ya Lurko! Pengine!

Nimeenda moja kwa moja kwa Malvestiti, nikamwambia kesho sitakuwepo, nakwenda kwa daktari wa meno. Kanipa pole. Kasema hata yeye hatakuwepo. Padri kamwambia kuhusu kitabu fulani huko Santa Fosca, na kwa kuwa daktari wa meno wangu yuko njia hiyo hiyo, kwa nini nisipande naye kwenye gari?

Nimekataa kwa ustadi mkubwa. Hakushuku lolote.

Kuna basi la saa kumi na mbili asubuhi. Linazunguka vijiji saba, na baada ya kijiji cha mwisho ni kupanda kwa miguu kilomita nne. Yeye anaondoka saa tatu. Nimeshaandaa viatu. Safari hii hanipati!